UZI: Mtoto ana A tupu, SAT juu ya 1500, na BS/MD zote zimemkataa. Zinachagua kwa kigezo gani?

#1 Mzazi_Columbus
Habari wakuu. Kwenye magrupu ya wazazi Waswahili huku Marekani kila ikifika Aprili kilio ni kile kile. Mtoto ana GPA (wastani wa alama) ya 4.0, SAT (mtihani wa kuombea chuo) imepita 1500, ameomba programu tano au sita za BS/MD, zile za kutoka sekondari unaingia chuo huku kiti cha shule ya udaktari umeshawekewa. Zote zimemkataa. Wakati huo huo vyuo vya kawaida vinamgombania na kumpa ufadhili.

Msimamo wangu: alama si kigezo kikuu, na wazazi tunawalisha watoto kitu kisicho sahihi kuanzia darasa la 9. Anayezijua programu hizi kwa undani aseme zinatazama nini, na mwenye mtoto wa darasa la 10 au 11 aanzie wapi.

#2 Kalamu_ya_Risasi
Mkuu, kwangu tatizo ni orodha. Watu wanaokota majina makubwa mtandaoni na kupeleka maombi bila kusoma programu imeanzishwa kwa ajili ya nani.

University of New Mexico ina BA/MD yenye nafasi 28 kwa mwaka. Ni ya wakazi wa New Mexico, na lengo lake ni madaktari watakaobaki kuhudumia jimbo hilo, hasa vijijini. CUNY School of Medicine pale City College, Harlem, ni miaka 7. Imetokana na programu ya Sophie Davis iliyoanza 1973, na kazi yake ni kutoa madaktari wa huduma za msingi kwa mitaa ya New York yenye upungufu. UMKC ya Kansas City, miaka 7 pia, inawatanguliza watu wa Missouri. Sasa mtoto wa Ohio anapeleka ombi New Mexico ili iweje?

Kabla ya insha yoyote, chukua karatasi uchore safu sita: jina la programu, miaka, ukazi, uraia au green card, MCAT (mtihani wa kuingia shule ya udaktari) inadaiwa au haidaiwi, GPA ya kubaki ndani. Jaza kutoka tovuti ya chuo chenyewe, si kutoka orodha za watu, maana nyingi zimeoza. Chuo cha Northwestern waliifunga HPME, BS/MD yao, na bado watu wanaitaja kama ipo. Programu inayokukataa kwenye safu ya tatu au ya nne, ikate hapo hapo kwa wino mwekundu.

#3 Tausi_wa_KC
Kalamu umesema vema, ila sahihisho: UMKC ni miaka 6, siyo 7, na imeendeshwa hivyo tangu 1971. Si jambo dogo. Miaka 6 maana yake likizo ndefu za kiangazi mtoto azisahau. Kila mwanafunzi anawekwa kwenye kikundi kidogo chini ya daktari mlezi, wao wanamwita docent, na wanaanza kuona wagonjwa wakati wenzao wa vyuo vingine bado wanahangaika na kemia ya mwaka wa kwanza. Kwa mtoto aliyekomaa ni zawadi. Kwa ambaye bado anajitafuta ni mzigo mzito mno.

Waswahili wa Kansas City upande wa Missouri, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, hiyo programu iko mlangoni kwenu na ukazi mnao. Waambieni watoto.

#4 Pilipili_Hoho
Orodha ni nusu ya habari. Alama nazifananisha na nauli: bila nauli hupandi, lakini aliye na nauli mara mbili hapandi mara mbili. PLME, yaani BS/MD ya Chuo Kikuu cha Brown, ni miaka 8, haidai MCAT, na ndiyo ya pekee ya namna hiyo katika vyuo vya Ivy League. Wanaochukuliwa hawafiki 5 katika kila waombaji 100. Chuja ubakize wenye A tupu, bado utabaki na umati mkubwa kuliko nafasi. Kinachobaki kuwatenganisha ni insha.

Na hapo ndipo watoto wetu wanapokwama. Insha nyingi zina bibi aliyefia kijijini kwa kukosa daktari. Uchungu huo ni wa kweli na siubezi. Lakini unaeleza kwa nini mtoto anaumia akiona mgonjwa. Hauelezi kwa nini awe daktari na si muuguzi, mfamasia au mhandisi wa maji. Kamati inamtazama mtu wa miaka 17 anayeomba kufungiwa nafasi ya miaka minane na inajiuliza: huyu anajuaje? Jibu linatakiwa litoke kwenye kitu alichokiona akiwa karibu na kazi yenyewe.

#5 Bukavu_Mjini
Jambo wapendwa. Pilipili, "karibu na kazi yenyewe" ni wapi? Watoto wetu wanatafsiri kliniki tangu wana miaka 10. Mama hajui Kiingereza, mtoto ndiye mdomo wake mbele ya daktari. Hiyo nayo inahesabiwa?

#6 Shangazi_Minneapolis
Bukavu, inahesabiwa, na ni hazina, ila iandikwe kwa uangalifu. Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 zinaikataza hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa dharura ambapo mkalimani hapatikani kwa wakati huo. Mgonjwa ana haki ya mkalimani bila kulipa, hata wa kwenye simu. Mtoto akiandika kwa fahari "nilikuwa mkalimani wa kliniki", msomaji ambaye ni daktari atakunja uso, na si kwa sababu ya mtoto.

Aandike tukio. Mfano, mama anasema "nina kichomi". Mtoto anajua ni maumivu ya kuchoma ubavuni. Lakini kwa watu wengi kichomi ndiyo jina la nimonia. Atamwambia daktari lipi? Akisema nimonia amempima mama yeye mwenyewe. Akisema maumivu amepunguza anachokiogopa mama. Kisha aeleze daktari alifanya nini: aliuliza yanauma ukivuta pumzi au ukikaa tu, yalianza lini, kuna homa, akasikiliza mgongo kabla ya kifua. Aya moja ya namna hiyo inaonyesha mtoto ameona daktari anavyofikiri. Hapo ndipo swali la Pilipili "anajuaje" linapojibiwa.

#7 Kalamu_ya_Risasi
Shangazi, hiyo ya kichomi nimeipenda mno. Tausi, asante kwa sahihisho la UMKC.

#8 Nyamwezi_Mtaratibu
Nakubaliana na Pilipili nusu. Insha haiwezi kuzaa kitu ambacho hakipo. Mimi naona tatizo ni saa za kliniki, na zinakosekana kwa sababu wazazi wanaanza kutafuta mtoto akiwa darasa la 12, Agosti, wakati Common App (fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi) imeshafunguliwa tarehe 1.

Hospitali nyingi hazichukui mtu wa kujitolea chini ya miaka 16, nyingine 18. Kuna fomu, chanjo, kipimo cha kifua kikuu, mafunzo ya usiri wa mgonjwa. Kuanzia kuomba hadi siku ya kwanza unaweza kula miezi miwili au mitatu. Kozi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) majimbo kadhaa yanaruhusu kuanzia miaka 16. EMT (mhudumu wa dharura wa ambulansi) mara nyingi ni 18, kwa hiyo kwa wengi imechelewa. Kumfuata daktari kazini ni vigumu zaidi kwa sababu ya sheria za faragha, na hapo daktari wa familia au wa kliniki ndogo ya mtaani ni mwepesi kuliko hospitali kubwa.

Ambacho wazazi wetu hawakijui: kazi ya kulipwa inahesabiwa. Wengi humu mnabeba boksi kwenye nyumba za wazee, mnajua kazi ya CNA ilivyo. Kijana aliyemgeuza mzee kitandani kila saa mbili ili asipate vidonda, akajua kwa nini saa mbili, ana cha kusema kuliko aliyelipiwa maelfu kwenda kambi ya "madaktari wa kesho" wiki mbili.

#9 Baharia_wa_Erie
Mnaenda mbali. Maombi mengi yanakufa kwa mambo ya fomu, nayataja:

Kwa Brown kuna sehemu ndani ya Common App ambapo unatakiwa kusema unaomba PLME, na insha zake zinafunguka baada ya hapo. Usipochagua, umeomba Brown ya kawaida na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Programu nyingine zina fomu ya pili nje ya Common App, na barua pepe ya kuingilia inaangukia kwenye takataka. Tarehe zao nyingi ni Novemba au mwanzo wa Desemba, wakati chuo hicho hicho kwa waombaji wa kawaida kinasubiri hadi Januari. Watu wanaona "Januari 1" ya chuo wanadhani na BS/MD ni hiyo.

Barua za walimu: lazima ujaze kile kipengele cha FERPA (sheria ya kumbukumbu za mwanafunzi) kwanza. Ukikataa kuachia haki ya kuzisoma, baadhi ya walimu hawaandiki, na barua yenyewe inapungua uzito.

Na ED, yaani Early Decision, kuomba chuo kimoja mapema, ni ahadi. Ukichukuliwa, unaenda. Kabla ya kubonyeza, soma Brown wanasema nini kuhusu aliyepata chuo akakosa PLME.

#10 Pilipili_Hoho
Baharia, fomu zinaua lakini si "mengi". Mtoto wa SAT 1500 ana mshauri wa shule na anajua kujaza fomu. Hiyo haielezi kilio cha mleta mada.

#11 Baharia_wa_Erie
Mshauri mmoja ana wanafunzi mia tatu na ushee, na huenda BS/MD hajawahi kuishughulikia hata mara moja. Mtoto wa mhamiaji nyumbani hana wa kumuuliza. Nabaki hapo hapo.

#12 Mkazi_wa_Tabata
Wakuu wa ughaibuni, samahani naingilia. Kijana akimaliza Form Six hapa Bongo, PCB, division one, anaweza kuomba hizo moja kwa moja?

#13 Shangazi_Minneapolis
Tabata, karibu. Kuomba anaweza sehemu chache sana, PLME ni mojawapo inayopokea wanafunzi wa kigeni. Nyingi zinataka uraia au green card. Hata nje ya BS/MD, shule nyingi za udaktari Marekani hazimchukui mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, na baadhi ya zinazomchukua zinadai ada ya miaka yote minne iwekwe benki kabla hajaanza.

Kwa kijana aliyeko nyumbani njia fupi ni MUHAS au chuo kingine huko: MD miaka 5, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha mitihani ya Marekani. Atahitaji cheti cha ECFMG (shirika linalothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani), yaani USMLE Step 1 na Step 2 CK, pamoja na OET ya Kiingereza cha kitabibu. Ndipo aombe residensi, yaani mafunzo ya hospitalini baada ya shule ya udaktari. Majibu ya residensi hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi. Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo anayechuja anaangalia zaidi Step 2. Kabla hajachagua chuo ahakikishe kimo kwenye World Directory (orodha ya shule za udaktari duniani) na kina alama ya kukubaliwa na ECFMG.

#14 Mkazi_wa_Tabata
Nimekupata shangazi. Ubarikiwe.

#15 Mpima_Upepo
Jibu la Shangazi limegusa jambo ambalo nadhani ndilo mzizi. Kwetu udaktari unaanzia sekondari. PCB ukifaulu, Muhimbili. Nairobi MBChB ni miaka 6 toka KCSE, Makerere ni 5. Kwa hiyo mzazi akiona BS/MD anasema "ndiyo hii, ndiyo ya kawaida", na zile 4 za chuo kwanza halafu 4 za udaktari anaziona ni kupotezewa muda. Kwa Mmarekani ni kinyume: 4 na 4 ndiyo barabara, BS/MD ni kichochoro cha wachache. Mtoto anaandika insha kama mtu anayedai haki yake, kumbe anaomba ruhusa ya kupita mlango wa pembeni. Sauti hiyo inasikika kwenye karatasi.

#16 Tausi_wa_KC
Mpima, hapo umenifumbua macho. Ila usisahau kuna hatari ya kuingia pia. Barua ya BS/MD ina masharti. Wazazi wanafanya sherehe bila kusoma ukurasa wa pili.

Chukua sharti la GPA 3.5. Mwaka wa kwanza ana 3.6. Muhula wa tatu anachukua kemia ogania krediti 4 anapata C, maabara yake krediti 1 A, biolojia krediti 4 B, takwimu krediti 3 A, uandishi krediti 4 A. Muhula huo umempa 3.25. Ukichanganya na 3.6 ni 3.425. Kiti kimetikisika kwa C moja.

#17 Nyamwezi_Mtaratibu
Tausi, hesabu ya muhula ni sawa ila ya jumla si hivyo. Huwezi kujumlisha GPA mbili ukagawa kwa mbili, krediti hazilingani. Mwaka wa kwanza krediti 30 × 3.6 = pointi 108. Muhula wa tatu krediti 16, pointi (A ni 4, B ni 3, C ni 2, mara krediti) 8 + 4 + 12 + 12 + 16 = 52. Jumla 160 ÷ 46 = 3.478. Hoja yako inasimama, yuko chini ya 3.5, lakini kwa kidogo sana. Muhula unaofuata akipata A kwenye krediti 15, ni 220 ÷ 61 = 3.607, amerudi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ofisi ya programu kabla ya Mei 1, siku ya mwisho ya kuthibitisha chuo: GPA inapimwa kila muhula au mwisho wa mwaka? Akishuka kuna muhula wa uangalizi au anatolewa hapo hapo? Wanahesabu masomo yote au sayansi peke yake? Na C yenyewe, baadhi wanaikataa kwenye somo la lazima hata kama GPA imetosha. Majibu yaje kwa barua pepe, si kwa mdomo.

#18 Tausi_wa_KC
Sawa kabisa, 3.478. Asante.

#19 Kaka_Mkubwa_Houston
Na MCAT je? Nasikia baadhi wanataka 30 kati ya 45, hiyo mbona rahisi.

#20 Kalamu_ya_Risasi
Kaka, hiyo ni mizani ya zamani, iliishia mwanzoni mwa 2015. Sasa ni 472 hadi 528, sehemu nne, kila moja 118 hadi 132, ya katikati ni 500. Programu inayodai MCAT inakuwekea alama ya chini, na mara nyingine pia alama ya chini kwa kila sehemu. Hiyo ya pili ndiyo inayowakamata watoto wetu, kwa sababu ya sehemu ya kusoma na kuchambua vifungu, CARS. Fizikia unaikariri, CARS huikariri. Mtoto anayesoma magazeti marefu kuanzia darasa la 10 ameshaanza kujiandaa.

Texas mnayo JAMP, Kaka, programu ya jimbo ya kuwaingiza vijana shule za udaktari. Haianzii sekondari, unaomba ukiwa tayari chuoni, na ni kwa wakazi wa Texas wenye kipato kidogo. Bunge la jimbo liliianzisha 2001. Kwa familia nyingi za hapo Houston ina faida kuliko BS/MD ya jimbo la mbali.

#21 Mzazi_Columbus
Nawafuatilia kwa makini. Naomba tuzungumze pesa. Miaka 7 badala ya 8 si inaokoa?

#22 Mpima_Upepo
Inaokoa mwaka wa chuo, ambao ndio wa bei nafuu. Na angalia mambo mawili.

Kwanza, ufadhili wa chuo mara nyingi unaishia siku unapovuka kwenda shule ya udaktari. Barua inayosema "ada yote" soma ni ada ya miaka ipi. Ndani ya BS/MD ya 3+4 mtoto mwenye ufadhili wa miaka minne anautumia mitatu, wa nne haumfuati.

Pili, sheria ya Julai 2025 imebadilisha mikopo. Kuanzia Julai 1, 2026, Grad PLUS (mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza) imefungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa udaktari anakopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Shule nyingi za binafsi gharama zote kwa mwaka zinapita 90,000. Pengo la 40,000 mara miaka minne ni 160,000, na hilo utalikopa benki binafsi kwa riba yao na mdhamini wao. Parent PLUS, mkopo wa mzazi, nayo ina kikomo, 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Mtoto anayefunga nafasi leo akiwa na miaka 17 amefunga na bei ya shule ile bila kuijua itakavyokuwa. Anayeomba kwa njia ya kawaida baadaye anaweza kuchagua shule ya jimbo lake.

#23 Kaka_Mkubwa_Houston
Hiyo ya mikopo ni nzito. Na hizi za DO (udaktari wa osteopathia)? Nasikia ni udaktari nusu.

#24 Shangazi_Minneapolis
Kaka, hapana, hilo tulifute kabisa. DO ni daktari kamili, anapata leseni majimbo yote 50, anafanya upasuaji, anaandika dawa. Tangu 2020 residensi za MD na DO ziko chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Shule ya udaktari ya LECOM ina mpango wa kupokea mapema wenye vyuo vingi washirika, na chuo cha NYIT kina BS/DO ya miaka 7. Kwa mtoto wa alama nzuri zisizo za kutisha, safu ya DO iwepo kwenye karatasi ya Kalamu. Anayewaza kurudi kufanya kazi Tanzania au Kenya, aliandikie Baraza la Madaktari Tanganyika au KMPDC (baraza la madaktari Kenya) aulize wanaitambuaje DO, na apate jibu la maandishi kabla hajaweka saini popote.

#25 Pilipili_Hoho
Mmesahau usaili. Brown hawafanyi wa PLME, lakini wengine wanafanya, na baadhi wanatumia MMI: vituo kadhaa, kila kituo mlango wake. Mlangoni kuna karatasi, una kama dakika 2 za kusoma, kengele inalia, unaingia, unazungumza dakika 6 hadi 8, kengele, unahama.

Karatasi inasema, kwa mfano: rafiki yako wa maabara amepika matokeo ya jaribio, ripoti inatolewa kesho, ufanye nini? Watoto wetu waliofunzwa adabu wanajibu "nitamwambia mwalimu" kwa sekunde 20, kisha kimya dakika 5. Jibu ni sahihi, lakini msaili hajaona kichwa kinavyofanya kazi. Anatakiwa aanze na asichokijua: nimeona mwenyewe au nimesikia? Kisha nani anaumia ripoti ikitoka. Kisha azungumze na rafiki ana kwa ana, ampe nafasi ya kujieleza na kurekebisha. Kisha aseme ni lini atakwenda kwa mwalimu hata kama rafiki amekataa. Zoezi: mzazi ashike saa ya simu, asome swali kwa Kiswahili mtoto ajibu kwa Kiingereza, meza ya jikoni inatosha. Na amtazame usoni mkubwa anayezungumza naye. Kwetu kuinamisha macho ni heshima, pale kinasomeka kingine.

#26 Baharia_wa_Erie
Pilipili leo umetupa darasa zima. Bado nasema fomu kwanza.

#27 Nyamwezi_Mtaratibu
Wanaokataliwa wajue mlango haujafungwa. Zaidi ya watu 50,000 huomba shule za MD kila mwaka kwa njia ya kawaida na kama 23,000 huingia. Hiyo ni karibu 4 au 5 katika kila 10, linganisha na ile ya PLME. Katikati kuna njia ya tatu: kuomba ukiwa chuoni mwaka wa pili. FlexMed ya Mount Sinai, New York, ni hiyo, na haina MCAT. Mtoto akifika chuoni ahifadhi silabasi za kila somo tangu siku ya kwanza, na asitumie alama za AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari) kuruka kemia na biolojia kabla ya kuangalia, maana baadhi ya shule za udaktari hazizipokei badala ya masomo ya lazima.

#28 Mzazi_Columbus
Nimehesabu humu: orodha, insha, saa za kliniki, fomu, na ile sauti ya kudai haki aliyoisema Mpima. Kila mmoja ameshika lake na sijaona wa kumwangusha mwenzake. Bado najiuliza kwa nini watoto wawili wa shule moja, wenye orodha ile ile, mmoja anachukuliwa na mwingine hapana.

#29 Mpima_Upepo
Soma maelezo ya shughuli zao, yale ya herufi 150 kwenye Common App. Nafasi ni 10 tu. Mara nyingi tofauti iko pale kuliko kwenye insha ya maneno 650.

#30 Bukavu_Mjini
Basi naomba mtazame huu mstari. Ni wa binti wa darasa la 11, niliuweka kwa Kiswahili kwanza: "Nilijitolea kwenye kituo cha wazee ambapo nilijifunza huruma, uongozi na umuhimu wa kuwahudumia watu."

#31 Shangazi_Minneapolis
Ondoa huruma na uongozi, kila mtu anaandika hayo. Jina la kituo lina kisanduku chake, saa kwa wiki na wiki kwa mwaka zina visanduku vyake, usizirudie. Mikono yake ilifanya nini? Alibadilisha nini?

#32 Bukavu_Mjini
Anagawa chakula, anawasomea barua, na anaandika kwenye daftari nani hajala. Wauguzi wakaanza kulitumia daftari lenyewe.

#33 Shangazi_Minneapolis
Umeshaandika mwenyewe: "Kugawa chakula, kusomea wazee barua, kuandika nani hajala. Wauguzi sasa wanatumia daftari langu la chakula kila zamu." Haifiki herufi 130. Hakikisha tu hiyo "kila zamu" ni kweli. Kama ni zamu ya mchana peke yake, aandike mchana.

#34 Bukavu_Mjini
Ni mchana peke yake. Anarekebisha usiku huu. Kesho naleta karatasi yake ya safu sita, Kalamu uje na wino wako mwekundu.